Pleti ya chuo kwenye gari lako Marekani: mwongozo kamili, kuanzia dola mpaka skrubu

Mwanao kapata chuo, tisheti umenunua, kikombe chenye nembo umenunua, sasa unataka na gari nalo liseme. Au ni wewe mwenyewe umemaliza chuo cha Texas Southern baada ya miaka ya kusoma mchana na kupiga shifti usiku, na unataka ukipita barabarani watu wajue. Haki yako kabisa. Ila kabla hujabonyeza kitufe cha kulipia kaa hapa kidogo, maana hii pleti, yaani namba ya gari yenye nembo ya chuo, ni mchango wa kila mwaka, haiko kama kofia unanunua mara moja unasahau, na usumbufu wake mkubwa hauji siku ya kununua, unakuja wiki mbili tatu baada ya kuifunga kwenye gari. Mimi nimeyajua haya kwa kulipa.

Naongelea Marekani tu. Kule nyumbani Bongo mtu akitaka jina lake likae kwenye namba ya gari analipa TRA na hela inaishia serikalini, hadithi imekwisha. Huku kila jimbo lina sheria zake, na ndani ya jimbo kuna pleti za kawaida na kuna hizi maalum zenye nembo ya chuo, timu, wanyama, wanajeshi wastaafu na kadhalika, halafu kipande cha ada kinapelekwa kwa huyo mwenye nembo. Florida kwa mfano walianza mwaka 1987 na pleti ya kumbukumbu ya Challenger, kile chombo cha anga kilicholipuka mwaka uliotangulia, zikaja kuongezeka mpaka wabunge wao wakachoka wakaweka kikomo cha aina 150 za pleti maalum kwa jimbo zima. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "sheria ya pleti za chuo ni hivi" muulize kwanza jimbo gani.

Kwanza jua unaongea na ofisi gani

Watu wengi ofisi ya magari ya jimbo tunaiita DMV kila mahali, lakini Ohio ni BMV, Maryland ni MVA, Michigan na Illinois unakwenda kwa Secretary of State, yaani katibu wa jimbo, Georgia mambo ya tagi, ndivyo wanavyoziita pleti, yako kwa watu wa kodi, na Texas kuna TxDMV makao makuu ila kazi yenyewe ya kaunta inafanywa na ofisi ya kodi ya kaunti yako. Hili lina maana kwa sababu ukiandika tu kwenye simu "pleti ya chuo fulani" tovuti za kwanza kukutokea zinaweza kuwa za madalali wanaouza pleti za mapambo, au wanaokutoza kukujazia fomu ambayo ni ya bure. Tovuti ya jimbo mara nyingi mwisho wake ni .gov. Texas peke yake ina mchanganyiko kidogo, kwa sababu tangu 2009 kuna kampuni binafsi yenye mkataba na serikali inaitwa My Plates, ni halali kabisa, ila bei zake ni tofauti na za zile pleti za vyuo zinazouzwa na TxDMV yenyewe, na kuna vyuo vina pleti pande zote mbili. Angalia zote kabla hujachagua, unaweza kukuta umelipa zaidi kwa ajili ya rangi tu.

Ukishaingia tovuti ya jimbo tafuta orodha ya pleti maalum, kisha kundi la vyuo. Chuo chako kama hakimo, ruka mpaka karibu na mwisho nilipoandika habari za kuanzisha pleti mpya, lakini ukweli wangu ni kwamba utakata tamaa.

Hela inakwenda wapi, na hapa ndo pa kukaza macho

Maswali ni matatu. Nalipa ngapi juu ya ada ya kawaida ya usajili? Katika hiyo, chuo kinapata ngapi? Na chuo kikipata kinaifanyia nini? Majibu yanatofautiana mno, nakupa ninayoyajua.

Texas: dola 30 kwa mwaka, chuo kinapata 22, zinazobaki 8 ni za jimbo. Hizo 22 ni kwa ajili ya skolashipu za wanafunzi wenye shida ya hela, na hiki ndo kilichonifanya mimi nikubali. Kumbuka hizo 30 ni juu ya usajili wa kawaida wa gari dogo, dola 50.75 pamoja na vijiada vya kaunti, kwa hiyo usije ukafika kaunta na noti ya ishirini na ya kumi ukidhani umemaliza.

Ohio: unaongeza 35, chuo kinachukua 25 kwa ajili ya skolashipu, BMV wanabaki na 10.

Virginia: dola 25 kwa mwaka, chuo kinapata 15. Ila kuna mtego, chuo hakianzi kupata kitu mpaka pleti 1,000 za kwanza ziuzwe. Piga hesabu: chuo chenye pleti 5,000 barabarani kinahesabiwa 4,000 mara 15, dola 60,000. Chuo kidogo chenye pleti 800 kinapata sifuri, na wewe mwenye pleti umelipa 25 yako kama kawaida na unatembea ukidhani umesomesha mtoto wa mtu. Sijasema ni dhuluma, jimbo nalo linagharamia kutengeneza, lakini ni vizuri ujue.

North Carolina nao ni 25, chuo cha ndani ya jimbo kinapata 15. Michigan wana mtindo wao, mwaka wa kwanza unatoa 35 ambapo 25 ni ya chuo, halafu kila mwaka ukirinyuu, yaani ukihuisha usajili, unaongeza 10 na yote ni ya chuo. Minnesota, ambako Wakenya wa Brooklyn Park ni wengi, wao wanaita mchango waziwazi, angalau dola 25 kila mwaka kwa ajili ya skolashipu za chuo ulichochagua.

Sasa weka miaka mitano. Texas utakuwa umetoa 150 na chuo kimepata 110. Ohio umetoa 175, chuo 125. Michigan umetoa 75, chuo 65, na ukitazama kwa jicho la mhasibu Michigan ndo wenye huruma. Na hapa niseme ukweli ambao wauza pleti hawausemi: kama shida yako ni kumsaidia mwanafunzi tu, andika cheki moja kwa moja kwa mfuko wa skolashipu wa chuo, dola yote inafika na risiti ya mchango unapewa. Pleti unanunua kwa sababu ya fahari, na fahari si dhambi, mimi ninayo, lakini tusiipambe kwa jina la sadaka.

Kuhusu kodi, kila Februari kuna mtu atakuuliza kama hii ada inapunguzwa kwenye kodi. Usiijaze tu kwenye mstari wa michango kwa sababu imeandikwa chuo. Umelipa na umepewa kitu, kwa hiyo muoneshe anayekufanyia kodi risiti yenye mchanganuo.

Nani anaruhusiwa

Swali ninaloulizwa sana: lazima uwe umesoma hapo? Majimbo mengi hapana, hakuna atakayekudai cheti, ukilipa unapewa, hata kama chuo chenyewe umepita nje tu ukipeleka mtu hospitali yao. Ila kuna majimbo, Pennsylvania mojawapo, ambako pleti za vyuo zimewekwa kwenye kundi la pleti za vyama, kwa hiyo fomu inapitia kwanza kwa chama chenyewe, mara nyingi chama cha waliohitimu, na wao wanaweza kukutaka uwe mwanachama. Hapo usianze na ofisi ya magari, anza na watu wa chuo.

Suala zito zaidi ni gari. Pleti inatolewa kwa mwenye jina kwenye kadi ya gari, basi. Nimeona mama kajaza fomu vizuri, kalipa, kumbe gari limesajiliwa kwa jina la baba, na baba yuko safari Lubumbashi, fomu ikarudi. Gari la kulisi, yaani la kukodi kwa mkataba, angalia mkataba na uone usajili umeandikwa jina la nani. Gari la mtoto aliyeko chuo jimbo lingine lakini limesajiliwa kwa jina lako nyumbani, pleti itakuwa ya jimbo lako na itategemea kama jimbo lako lina pleti ya hicho chuo, majimbo kama Virginia yana pleti za vyuo kadhaa vya nje, mengine hayana kabisa. Pikipiki na malori yana masharti yake, majimbo mengi yanaweka kikomo cha uzito. Na bima iwe hai, anwani kwenye mfumo iwe ya unakoishi sasa na siyo ile ya apatimenti uliyoihama miaka 2 iliyopita, maana ukikosea hapo pleti yako itaenda kwa mpangaji mpya.

Kuagiza

Njia ni tatu, onlaini, kwa posta, au kaunta. Mimi nashauri onlaini kama pleti ni ya kawaida yenye namba za mfululizo, na kaunta kama gari lina historia yoyote ya kueleweka kwa shida, jina limekosewa, kadi imepotea, gari umelileta kutoka jimbo lingine. Andaa kitambulisho, kadi ya gari au barua ya kurinyuu, uthibitisho wa bima, namba ndefu ya chesisi yenye tarakimu 17, na pale jimbo linapodai, karatasi ya kipimo cha moshi.

Muda mzuri ni ule wa kurinyuu. Ukiomba katikati ya mwaka wa usajili mengi hutokea, jimbo moja linakupigia hesabu ya miezi iliyobaki, jingine linakutoza mwaka mzima halafu baada ya miezi minne linakutoza tena kwa sababu tarehe ya usajili imefika, na ukilalamika wanakuonesha kwamba iliandikwa. Iliandikwa kweli. Kwa hiyo anza mapema kama miezi miwili kabla ya usajili kuisha, kwa sababu pleti zenye jina la kuchagua zinatengenezwa baada ya kuagiza na zinachukua wiki, siyo siku. Usajili ukiisha huku unasubiri pleti mpya, polisi hataelewa habari ya kusubiri, kwa hiyo rinyuu ile ya zamani kama tarehe inakaribia na uliza jinsi ya kuhamishia.

Texas pleti mara nyingi zinapelekwa kwenye ofisi ya kodi ya kaunti unazifuata mwenyewe. Nilipigiwa simu nikiwa kazini, nikadhani ni tapeli nikakata. Walinipigia tena nikakata tena. Pleti zikakaa kwenye kabati lao wiki tatu.

Ukitaka neno lako juu yake

Hii ni ada nyingine, Texas wanaongeza dola 40 kwa mwaka, Virginia dola 10 tu, na ndiyo maana ukiendesha kaskazini mwa Virginia kila gari la pili lina maneno kama tisheti. Pleti ya chuo inakupa herufi chache kuliko ya kawaida kwa sababu nembo imekula nafasi, kwa hiyo neno lako la herufi saba linaweza lisikae. Andaa chaguo tatu kwa mpangilio.

Kwa sisi Waswahili kuna raha na kuna mitego. HAKUNA na SIMBA usijisumbue, wenzako waliotazama katuni ya Lion King walishachukua zamani. ASANTE nayo majimbo mengi imeenda. Tafuta ya kwenu: MAMAKE, BABAKE, MJOMBA, au namna unavyoitwa mtaani, Mama fulani. Lakini soma neno lako kwa jicho la Mzungu asiyejua Kiswahili. Rafiki yangu jina la ukoo wao lina herufi nne katikati ambazo kwa Kiingereza ni tusi la chooni, jina la babu yake kabisa, likarudishwa na barua ya heshima. Na kinyume chake usijidanganye kwamba utaweka tusi la Kiswahili na hawatajua, siku hizi wana orodha za lugha nyingi na pia kuna Mswahili mwenzako atakayelipiga picha na kulipeleka, na jimbo lina haki ya kukunyang'anya pleti hata baada ya kukupa. Angalia pia O na sifuri, kwenye majimbo kadhaa zinahesabiwa kuwa kitu kimoja, na hata pale zinapotofautishwa kamera hazitofautishi vizuri.

Siku ya kuifunga

Hapa wengi wanadhani ni dakika tano. Skrubu za pleti ya zamani zikiwa zimekaa kwenye chumvi ya theluji ya Ohio au Minnesota miaka sita zimeshikana na bamba kama zimechomelewa. Pulizia mafuta ya kulainisha kutu usiku, asubuhi tumia bisibisi pana inayojaa kwenye mfereji wa skrubu, sukuma ndani wakati unazungusha, ukitumia bisibisi ndogo utakula kichwa cha skrubu na hapo utahitaji fundi. Nunua skrubu mpya za chuma kisichoshika kutu, bei ni kama soda mbili.

Pleti ngapi? Texas, Virginia, Minnesota, Maryland, California na New York ni mbili, mbele na nyuma. Florida, Georgia, Michigan, Pennsylvania, North Carolina na Kentucky ni nyuma peke yake, Ohio nao waliacha ya mbele kuanzia Julai 2020. Usifunge mpya nyuma ukaacha ya zamani mbele kwa sababu mvua ilianza, gari lenye namba mbili tofauti linasimamishwa haraka kuliko lisilo na namba.

Texas stika ya usajili haikai kwenye pleti, inakaa kwenye kioo cha mbele kwa ndani na imeandikwa namba ya pleti juu yake. Pleti mpya maana yake stika mpya. Ile ya zamani ipashe joto na mashine ya kukaushia nywele kama dakika mbili, inatoka kama ganda la muhogo uliochemka, usiikwangue na kisu.

Na fremu. Umenunua pleti ya chuo halafu unaizungushia fremu nene yenye jina la chuo hicho hicho, inayofunika jina la jimbo na kona ya stika. Majimbo mengi hilo ni kosa, na ni sababu nyepesi mno ya polisi kukusimamisha. Kifuniko cha plastiki cheusi ndo usithubutu.

Pleti ya zamani usiitupe kabla hujauliza. Maryland wanataka irudishwe. Florida kama unaacha kutumia gari, rudisha pleti kwanza ndipo ufute bima, ukigeuza mpangilio huo leseni yako inaweza kusimamishwa na wewe uko nyumbani umekaa.

Namba imebadilika, na hii ndo sehemu niliyolipia

Ukifunga pleti mpya jimbo linajua, lakini wengine wote hawajui. Wa kwanza ni barabara za kulipia. Mimi nilikuwa na kile kibandiko cha tozo kwenye kioo, akaunti ina hela, sina wasiwasi. Kumbe kioo kilikuwa kimebadilishwa baada ya kupigwa na jiwe na fundi alikuwa amenirudishia kibandiko kikiwa kwenye bahasha, ikalala kwenye droo ya gari. Miezi yote hiyo nilikuwa napita kwa sababu kamera ilikuwa inasoma pleti yangu ya zamani na kuikuta kwenye akaunti. Siku nilipofunga pleti ya chuo kamera ikasoma namba mpya, haikuikuta popote, bili zikaanza kuja kwa posta kwa bei ya mtu asiye na akaunti, na kwa kuwa nilidhani ni makosa yao nikaziweka pembeni, zikazaa faini. Nilipiga simu, nikasubirishwa na muziki dakika 40, yule dada akanisikiliza vizuri akaniuliza swali moja tu: kaka, ulituambia?

Kwa hiyo siku hiyo hiyo ya kufunga, kabla hujapiga picha ya kuwatumia watu wa kwenu, kaa na simu uingize namba mpya kwenye akaunti ya tozo, na namba ya zamani usiitoe kwanza, iache wiki chache ili safari za mwisho zimalizike kusomwa. Halafu bima. Halafu apatimenti, maana nyingi zinatumia orodha ya pleti na gari ya kuvuta inazunguka saa nane za usiku, shemeji yangu aliamka kwenda kazini akakuta nafasi iko wazi, kulikomboa gari zaidi ya dola 200 na siku ya kazi imekwenda. Halafu kazini kama mnapaki kwa pleti. Halafu programu za kulipia maegesho mjini, ambazo zimehifadhi namba ya zamani na zitaendelea kuilipia kwa furaha kabisa.

Na mwisho chuo chenyewe. Vyuo vingi siku hizi havitoi tena kibandiko cha maegesho, kibali ni pleti yako, kuna kigari kinapita na kamera kinasoma. Mtoto wa jirani yangu aliandikiwa tiketi ya maegesho ndani ya chuo, kwenye gari lenye pleti ya chuo hicho hicho, mchango kalipa, ada ya masomo kalipa, kibali kalipa, ila kibali kilikuwa na namba ya zamani. Alikata rufaa na picha za pleti zote mbili pamoja na kadi mpya ya gari, wakaifuta. Hifadhi picha za hivyo vitu vitatu kwenye simu, vinaokoa maneno mengi.

Miaka inayofuata

Barua ya kurinyuu itakuja na mchango umeshajumlishwa ndani. Huwezi kuendelea na pleti ya chuo ukakataa mchango, ukichoka unabadilisha upate pleti ya kawaida, na hapo unarudi kwenye ile orodha yote ya kubadili namba. Ndiyo maana nasema usichukue kwa mzuka wa siku ya mahafali.

Ukiuza gari, majimbo mengi pleti inabaki kwako. California na Minnesota pleti ya kawaida inaondoka na gari ila hizi maalum zinakufuata wewe, kwa hiyo ing'oe kabla hujakabidhi funguo, na mnunuzi asikuambie eti atairudisha kesho. Kuihamishia kwenye gari lako jipya ni fomu na ada, fanya kabla hujaifunga, maana pleti ya gari moja juu ya gari lingine kwa polisi ni wizi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Chuo chenu hakina pleti?

Kuna watu huwa wanakuja na moto, tukusanye sahihi. Sawa, lakini jueni urefu wa mlima. Virginia wanataka maombi 450 yaliyolipiwa kabla, siyo sahihi tu, hela imetoka. Florida kuanzia Oktoba 2020 pleti mpya inahitaji vocha 3,000 ziuzwe kabla ndani ya miezi 24. California ni maombi 7,500 yenye malipo, na kwa jimbo lenye vyuo vyote vile pleti ya chuo iliyopo ni moja tu, ya UCLA. Hapo ndo mtajua.

Mpangilio wenyewe ni huu: kwanza ruhusa ya chuo kwa maandishi, nembo ni mali yao na hakuna jimbo litakalokuchapia nembo ya watu bila barua. Pili mchoro, uliofuata vipimo vya jimbo, polisi lazima waweze kusoma namba kwa mbali kwa hiyo yule simba mkubwa mliyemchora katikati ataondolewa. Tatu maombi na hela. Nne, kwenye majimbo mengine, mbunge wa jimbo wa kuupeleka muswada, ndiyo, pleti inapitishwa kama sheria. Na jimbo likikataa mchoro msikimbilie mahakamani na hoja ya uhuru wa kusema, Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2015, kwenye kesi ya Texas, iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba maneno ya kwenye pleti maalum ni maneno ya serikali, siyo yako, na serikali inachagua cha kusema.

Ukihama jimbo

Hili liliwakuta ndugu zangu waliotoka Houston kwenda Dayton, Ohio, wakafika na pleti yao ya Prairie View, chuo cha Texas, wakitaka waendelee nayo. Haiwezekani, ukishakuwa mkazi unasajili gari huko na pleti ya Texas inakwisha kazi yake, na Ohio haiwezi kukutengenezea kila chuo cha Texas. Ila Ohio mbele ya gari pako wazi, sheria haidai kitu, kwa hiyo waliingia duka la vitabu la chuo onlaini wakanunua ile ya mapambo, bamba jepesi lenye rangi zile zile za zambarau na dhahabu, haina namba, haina mchango wa kila mwaka, haina akaunti ya tozo ya kubadilisha. Skrubu mbili.